Siku moja kwenye zamu ya mtandao: SYN (pakiti ya kuomba muunganisho) inafika, jibu hakuna

Saa 2:00 asubuhi. Tawi moja linalalamika: mmoja anaingia kwenye mfumo wa mauzo, jirani yake duara linazunguka tu. Ping (jaribio la kuona kama seva inafikika) inajibu kwa wote. Aliyekwama akihamia bando la simu, anaingia papo hapo. Tawi zima linatoka na anwani moja ya IP, nyuma ya NAT (ruta inayozifanya kompyuta nyingi zitumie anwani moja), na hilo ndilo la kushika.

Saa 2:40. Tunanasa pakiti kwenye ruta ya tawi na kwenye seva kwa wakati mmoja:

tcpdump -nvi eth0 'tcp[tcpflags] & tcp-syn != 0 and port 443'

SYN inafika nzima, inarudiwa baada ya sekunde 1, kisha 2, kisha 4. SYN-ACK (jibu la seva kwa SYN) haitoki kabisa. Basi fayawoli (kichujio cha usalama cha mtandao) iachwe kwanza. Seva yenyewe ndiyo inayonyamaza. Weka SYN mbili sambamba: zinafanana kila kitu isipokuwa opsheni (sehemu ya ziada ya kichwa cha TCP) ya muhuri wa muda. Ya aliyeingia ina TS val (thamani ya muhuri huo) 918442310, ya aliyekwama 20771654.

Saa 3:30. Kwenye seva, amri ya netstat -s, inayoonyesha takwimu za mtandao, ina mstari "passive connections rejected because of time stamp", na namba yake inapanda kila aliyekwama akijaribu. Sababu ni net.ipv4.tcp_tw_recycle=1, mpangilio wa kuondoa haraka miunganisho iliyokwisha fungwa. Kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) inakumbuka muhuri wa mwisho wa kila IP, na ndani ya sekunde 60 inatupa kimyakimya SYN yenye muhuri mdogo zaidi. Nyuma ya NAT kila kompyuta ina saa yake, kwa hiyo mwenye namba ndogo ndiye anayeumia. Weka 0 ili kuuzima, kisha ufute mstari huo kwenye /etc/sysctl.conf, la sivyo seva ikiwashwa upya tatizo linarudi. Linux 4.12 ya 2017 iliuondoa mpangilio huo kabisa, lakini seva za zamani bado zipo, na wanaonakili mipangilio ya "kuongeza kasi" bila kuisoma hawaishi.

Saa 8:00 mchana. Lalamiko jingine: mafaili madogo yanapanda, makubwa yanaganda katikati. Tcpdump iendeshwe na -S ili namba zionekane kamili: zilizo ndani ya SACK (opsheni inayotaja vipande vilivyofika baada ya pengo) ziko mbali kabisa na ack (namba inayoonyesha data imefika mfululizo hadi wapi). Fayawoli inabadilisha namba za mfuatano kwenye kichwa cha TCP na kuzisahau zile za kwenye opsheni, hivyo pakiti moja ikipotea mtumaji hajui arudie ipi. Jaribu kuzima SACK kwa tcp_sack=0 kwenye mashine moja; faili likipita, zima ubadilishaji huo kwenye fayawoli au isasishe, kisha urudishe tcp_sack=1.