Usiku wa kuamkia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umenipiga chenga. Jumanne nilirudi nyumbani hoi, miguu inawaka moto, nikasema leo nikiweka kichwa tu, nimekwenda. Nikaweka kichwa. Macho makavu! Mwili umelala lakini akili ndiyo kwanza inaamka: lile jibu nililompa mwenzangu kwenye kikao, deni ambalo tarehe yake inakaribia, mtoto aliyekuwa kimya mno wakati wa chakula. Nikageuza mto upande wa baridi. Nikaugeuza tena. Saa nane usiku nikagundua mkono wangu wa kulia umekunja ngumi chini ya mto, kucha zimeacha alama kiganjani. Sijui niliikunja saa ngapi.

Uchovu na usingizi si kitu kimoja, hilo wataalamu wameshatueleza. Mchana kutwa ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo hutuvuta kulala. Ila hofu nayo huamsha homoni za tahadhari, na mtu akabaki macho kama mlinzi aliyesikia kishindo.

Mlinzi. Neno hilo ndilo lililonishika. Zaburi ya 121 tunaijua sote: aliye mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali. Siku zote nimeipokea kama faraja. Usiku ule ilinijia kama swali: kama Yeye yuko zamu, wewe umekaa lindoni kwa amri ya nani? Nilikuwa nalinda nini pale kitandani? Deni halikupungua hata senti. Mtoto alikuwa amelala fofofo chumba cha pili.

Wapendwa, tazameni Mwanzo 1 inavyohesabu siku: ikawa jioni, ikawa asubuhi. Jioni ndiyo inayotangulia. Hata sisi tukisema usiku wa kuamkia Jumatano, tumeshakubali kwamba usiku huo unaitazama Jumatano. Siku mpya inaanza sisi tumelala, Mungu yuko kazini. Adamu alipewa mwenzi akiwa katika usingizi mzito; hakushika hata ubavu wake mwenyewe kusaidia. Bwana wetu alilala kwenye mto ndani ya chombo kinachojaa maji, na waliokuwa macho ndio waliokuwa wanaangamia kwa hofu. Mpendwa, ulimwengu huu ulikuwepo kabla hujazaliwa, na usiku wa leo utashikwa na mkono uleule. Kulala ni kumwabudu Mungu kwa kumwachia kazi yake. Mwachie! Hata yale usiyoweza kumwachia mchana, mwachie saa hizi chache.

Lakini hapa niseme jambo linaloniuma. Tuache kuwaambia wanaokosa usingizi kwamba imani yao ni ndogo. Tunawaongezea mzigo kitandani. Mwandishi wa Zaburi ya 77 alisema Mungu ndiye aliyemzuia kope zake zisifumbwe, na maneno yake yamo ndani ya Maandiko Matakatifu. Eliya alipochoka hadi kujiombea kufa, hakuhubiriwa kwanza. Alilala chini ya mti, akaguswa, akalishwa, akalala tena. Kuna ndugu na dada zetu ambao usingizi huwakataa usiku mara tatu au zaidi kwa wiki, miezi mitatu sasa. Hao waende kwa daktari bila aibu, na sisi tuwasindikize, tusiwapime kiroho.

Kwangu mimi kulikuwa na jambo jingine, na sikulipenda. Alhamisi niliacha kupigana na shuka, nikaondoka kitandani, nikakaa kwenye taa hafifu na kipande cha karatasi. Nikaandika yale matatu. Mbele ya deni nikaandika: kesho saa tatu, piga simu. Mbele ya mtoto: keti naye. Mbele ya lile jibu la kikaoni kalamu ikagoma. Paulo anasema jua lisichwe tukiwa bado na uchungu, na kwangu lilikuwa limeshakuchwa mara tatu. Ijumaa asubuhi nilimtafuta mwenzangu, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia naye alikuwa halali.

Jana niliamka tena saa tisa. Nikaangalia mkono kwanza. Ngumi. Nikaifungua kidole kimoja kimoja, nikasema kwa sauti ndogo: Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara. Ulichelewa kuja, ila mkono ulibaki wazi.

Wewe ambaye unaogopa usiku wa leo, nitumie jina lako kabla giza halijaingia. Nitalitaja mbele za Bwana nikiwa bado nimepiga magoti, kisha nami nitazima taa.