Simfoni ya Sita, nikiwa Bagamoyo

Upepo wa kusi unapotulia jioni, mimi husikiliza Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky, mtunzi wa muziki wa Kirusi, aliyoiongoza mwenyewe mwaka 1893, siku tisa kabla ya kufa, akiwa ameitunuku kwa mpwa wake, Vladimir Davydov. Haimaliziki kwa kishindo. Vinanda vizito vya nyuzi hudidimia taratibu hadi kimya. Barua alizomwandikia mdogo wake Modest zinaonyesha kwamba aliwapenda wanaume, ingawa wahariri wa Kisovieti, kwa haya zao, walizifyeka sehemu hizo.

Benjamin Britten, mtunzi wa Kiingereza, naye aliishi na mpenzi wake, mwimbaji Peter Pears, kwa miongo kadhaa, kabla na baada ya sheria ya Uingereza dhidi ya mapenzi ya wanaume kwa wanaume kulegezwa mwaka 1967, na alipofariki mwaka 1976, Malkia Elizabeth alimpelekea Pears rambirambi, kama apewavyo mfiwa.