Resi ya mkono kwenye HZJ75: mradi umefikia wapi

Gari ni Land Cruiser HZJ75, pikapu, injini 1HZ ya silinda sita na lita 4.2, pampu ya dizeli ya kimakanika isiyojua kompyuta ni nini. Kuna ndugu zake waliotoka kiwandani na kinobu cha resi kwenye dashibodi: unakivuta, injini inabaki pale ulipoiacha. Langu halikujaliwa, kwa hiyo naliwekea resi ya mkono ya kujitengenezea. Winchi, ile mashine ya mbele ya kuvutia vilivyokwama, ikifanya kazi inabidi mtu mmoja akae ndani akanyage mafuta na mwingine ashike rimoti nje, na huku Mbale, Uganda, mvua zikishaanza, si kila safari unampata mtu wa pili mwenye mguu mtulivu.

Sababu nyingine ni vilima vya Bududa. Ukiwa L4 (magurudumu yote manne, gia za nguvu za mwendo wa chini) kwenye mawe na mifereji, gari linaruka, mguu nao unarukaruka juu ya pedeli, injini inaongeza na kupunguza, na gari linazidi kuruka. Resi ikitulia, mguu unakaa sakafuni na gari linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Vifaa kwanza. Niliushika waya wa resi wa trekta nikaurudisha: ni imara lakini mnene, haupendi kona. Nilichochukua ni kishikio cha gia cha baiskeli ya mtumba, kile cha kizamani kinachokaa kwa msuguano tu, bila vituo vya tik-tik. Hicho ndicho muhimu, maana unataka kusimama popote. Vya kisasa vyenye vituo vitakulazimisha uchague kati ya resi ndogo mno na kubwa mno. Waya wake ni wa gia, milimita 1.2. Waya wa breki ni mnene zaidi na kichwa chake hakiingii kwenye kile kishimo, kwa hiyo usidanganyike dukani.

Hapo ndipo tukabishana na fundi. Mpango wangu ulikuwa kutoboa ukuta wa bodi unaotenganisha injini na dereva, kupitisha waya hadi kwenye pampu na kuufunga kwenye mkono wake, kando ya ule wa pedeli.

“Mzee, ukuta tunautoboa wa nini?” akasema. “Vuta pedeli humu humu ndani.”

Nilikaa na wazo lake siku nzima nikitafuta kasoro. Injini huyumba kwenye maunti zake, hasa ikibeba mzigo. Ukifunga ganda la nje la waya kwenye bodi na ncha ya ndani kwenye pampu, kila injini ikiyumba waya unavutika au kulegea wenyewe, resi inapanda, injini inayumba zaidi, na hapo umejitengenezea gari linalojitikisa. Dawa yake ipo: unalifunga ganda kwenye breketi ya pampu yenyewe na kuacha mkunjo mpana unaomeza mtikisiko. Lakini bado una joto la ekzosi, matope, na tundu la kuziba maji. Kwenye pedeli hakuna lolote kati ya hayo. Waya hauzidi urefu wa mkono. Kijana alishinda.

Pedeli hii inaning'inia. Ukikanyaga chini, ncha yake ya juu, pale waya wa pampu uliponasa, inarudi nyuma upande wa dereva. Basi resi ya mkono nayo inaivuta ncha hiyo hiyo kuelekea nyuma. Kati ya waya na pedeli tumeweka kipande cha mnyororo mwembamba, wa aina ya vizibo vya sinki. Mnyororo unajua kuvuta tu, kusukuma haujui. Mguu ukikanyaga zaidi ya resi iliyowekwa, mnyororo unalegea na pedeli inaenda zake. Mguu ukiinuka, pedeli inarudi kwenye resi ya mkono. Na kishikio kikiwa kimefungwa kabisa, mnyororo lazima ubaki umelegea kidogo, la sivyo injini haitarudi chini vizuri. Springi zote za zamani zimebaki mahali pake. Hiyo kwangu haina mjadala: chochote kikikatika, injini ishuke, isipande.

Kishikio kimekaa chini ya dashibodi, kushoto kwa usukani, mbali na goti. Breketi ni bamba la milimita 3.

Gari halina kipimo cha mizunguko kwenye dashibodi, na kusikiliza kwa sikio ni kubahatisha. Nimeazima kipima cha mwanga kwa fundi wa jenereta: unabandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye puli ya krenki, unaelekeza, unasoma. Tumeweka alama za rangi kwenye kishikio: mizunguko 1,200 kwa dakika ya kupandia milima na 1,500 ya winchi. Juu ya 2,000 kuna skrubu inayokizuia kisiende mbele.

Jambo la kujua kuhusu dizeli za namna hii ni gavana, kile kifaa cha ndani ya pampu kinachosimamia mwendo wa injini. Kwenye pampu ya trekta, mkono wa resi hauamui moja kwa moja mafuta mangapi yaingie. Unakaza springi, vyuma vinavyozunguka ndani vinashindana nayo, na mzigo ukiongezeka pampu inaongeza mafuta yenyewe kulinda mwendo uleule. Ila zipo pampu ambazo gavana yake inasimamia mwendo wa chini kabisa na wa juu kabisa tu, katikati ni kazi ya mguu. Namna ya kuipima yako ni rahisi: weka 1,200, washa taa zote na feni, soma tena. Langu lilizama kidogo likasimama.

Majaribio ya winchi tumeyafanya upande wa Doho, kwenye udongo wa mashamba ya mpunga, tela likiwa limezama hadi kwenye ekseli. Winchi ya pauni 9,500 ikivuta kwa nguvu zake zote inaweza kula zaidi ya ampea 400, na altaneta ya gari kama hili haikaribii hata robo ya hapo. Kwa hiyo resi ya 1,500 haimaanishi uvute bila kupumzika. Betri ndiyo inayolipa. Faida inaonekana kwenye mapumziko, betri inarudi haraka kuliko injini ikinguruma chini. Tela lilitoka. Nilikuwa nje, rimoti mkononi, ndani hakuna mtu, gari likiwa nyutro na mawe nyuma ya magurudumu.

Kwenye lami siigusi. Ukikanyaga breki haijiachii, na ukikanyaga klachi injini inabaki inaunguruma. Kuteremka mlima nayo ni upuuzi, unaitupa breki ya injini bure. Ikileta ubishi wowote, ufunguo unakata umeme wa swichi ya kuzima kwenye pampu, na injini inazimika hata resi ikiwa juu.

Kilichobaki ni ulegevu. Barabara mbaya inakitikisa kishikio, resi inashuka polepole. Nimekaza skrubu ya katikati, sasa ni kigumu kwa kidole gumba. Fundi anataka tuweke washa (pete bapa) ya ngozi kati ya vyuma viwili, na safari hii sibishi naye. Ikishakaa sawa, kazi inayofuata ni kompresa ya kujazia matairi.