Breki za nyuma za 240Z yangu, na ule ushauri wa "weka kubwa tu"

Wiki iliyopita nimeingia kona ya mwisho ya seketi nikiwa gia ya nne, nikakanyaga breki kwa nguvu zote za mguu, gari ikainama mbele ikanyooka kama rula na usukani sikuugusa hata kidogo kuirekebisha. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya helmeti. Imenichukua misimu miwili kufika hapo na sehemu kubwa ya huo muda imepotea kwa sababu ya kusikiliza watu ambao hawajawahi kupima chochote.

Gari ni Datsun 240Z, ile ya injini L24 silinda sita, kutoka kiwandani mbele ina breki za diski (kalipa, yaani kibanio chenye pistoni, inabana sahani ya chuma kwa padi), nyuma za dramu (lainingi zinasukumwa kutoka ndani ya ngoma). Nimeitoa zulia, viti vya zamani, kila kitu kisicho na kazi, sasa na mimi ndani inacheza kwenye kilo 1,000 na kitu.

Dramu kwa barabarani sina ugomvi nazo. Kwenye seketi shida ni joto. Dramu ikipata moto inapanuka inajitenga na lainingi, kwa hiyo pedali inazidi kushuka kila mzunguko, na lainingi zenyewe zikichemka zinateleza. Halafu dramu ina kile kitabia cha kujivuta, yaani lainingi ya mbele inaburutwa na mzunguko wa dramu mpaka inajikandamiza yenyewe, ndiyo maana ukikanyaga kidogo inashika sana, lakini mshiko ukibadilika kidogo tu nguvu yote inabadilika, na kushoto na kulia hazibadiliki pamoja. Mzunguko wa nne gari ilikuwa inanivuta kulia, wa sita inanivuta kushoto.

Fundi mmoja mzee akaniambia, "Mdogo wangu, gari hii imeshinda Safari Rally mwaka 1971 ikarudia 1973, wewe unatafuta nini tena? Iache ilivyo." Namheshimu sana yule mzee lakini vumbi na tope si lami. Kwenye vumbi tairi inateleza mapema, kwenye lami na tairi laini za mbio tairi inang'ang'ania na breki ndiyo inabeba mzigo wote, tena kila baada ya sekunde chache. Wa pili ndiye aliyenigharimu: "Kaka, nyuma weka kalipa kubwa, kubwa ndiyo inasimamisha gari." Nikamwamini, nikatoa dramu za nyuma nikaweka diski na hizo kalipa kubwa. Hela ya zile kalipa za kwanza ilikaribia kununua tairi mbili.

Kufunga sitaelezea sana, breketi unachongesha za chuma kinene, unapima kwamba rimu inazunguka bila kugusa kalipa, unabadilisha mipira ya breki (ile inayopitisha mafuta ya breki), basi. Ila angalia nipo ya kutolea hewa ikae juu. Ikikaa chini ujue kalipa ya kushoto umeiweka kulia, na hewa haitoki hapo hata ubliidi (utoe hewa kwenye mafuta) mpaka kesho. Na kama kalipa yako ina hendibreki ndani, rekebisha kalipa kwanza ndipo ufunge kebo, kebo ikivutwa mapema ile mashine ya ndani haijirekebishi na pedali inabaki ndefu siku zote.

Sasa nikupe kisa cha siku tatu. Siku ya kwanza nimeizungusha taratibu tu, narudi, harufu. Diski za nyuma zimeshakuwa bluu, huwezi kusogeza mkono karibu na rimu. Nikasema hendibreki, nikalegeza kebo kabisa, nikatoka tena, yale yale. Nikasema pini za kalipa zimekauka, nikazitoa nikazisafisha nikazipaka grisi, yale yale. Nikafungua kalipa zote mbili nikabadilisha sili, mikono imechubuka, yale yale! Kila aliyepita gereji alikuwa na dawa yake. Mmoja kaniambia padi ni nene nizisage.

Siku ya tatu nikaacha kufungua vitu nikakaa chini nikafikiri. Nikapiga jeki nyuma, nikakanyaga pedali mara tatu nikaachia, nikajaribu kuzungusha tairi kwa mkono: nzito. Nikafungua nipo ya kalipa robo zamu, mafuta ya breki yakaruka *fyuu* kidogo, tairi ikawa nyepesi papo hapo. Kumbe kalipa ni nzima, ni presha ndiyo imefungiwa ndani. Lakini imefungiwa wapi, kwenye mpira au kwenye masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali? Nikafunga nipo, nikakanyaga tena, tairi ikawa nzito, safari hii nikalegeza paipu ya nyuma pale inapotokea kwenye masta silinda. Tairi ikaachia. Basi njia yote ni wazi, mwizi yuko ndani ya masta silinda yenyewe.

Nikafungua lile tundu la kutokea, ndani kuna kivalvu kidogo kama kucha ya kidole kidogo pamoja na springi yake. Kazi yake ni kubakisha presha kidogo kwenye paipu za dramu ukiachia pedali, ili sili za wili silinda (silinda ndogo zinazosukuma lainingi) zibaki zimebana ukuta na hewa isiingie. Dramu ina springi kali za kurudisha lainingi, hiyo presha haiisumbui. Kalipa ya diski haina springi, pistoni inarudishwa na kujinyoosha kwa sili tu, kitu cha sehemu ndogo ya milimita, kwa hiyo hiyo presha ndogo inatosha kuweka padi juu ya diski masaa yote. Nikakitoa, nikabliidi upya, nikazungusha tairi kwa kidole kimoja. Nilikaa chini sakafuni nikaiangalia inavyozunguka mpaka ikasimama yenyewe. Ukibadilisha dramu kwenda diski kwenye gari ya umri huu, anzia hapo, na hakuna hata mmoja wa wale washauri aliyenitajia.

Haya, joto limekwisha, nikaenda seketi. Mzunguko wa tatu, mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka, nimekanyaga, tairi za nyuma zikafunga (zikaacha kuzunguka) kabla ya za mbele, gari ikageuka kama mlango. Nilimalizia kwenye majani nikiangalia nilikotoka. Hakuna kilichovunjika, sikuumia, lakini mikono ilitetemeka nusu saa. Mbele ikifunga kwanza gari inaenda moja kwa moja, unaachia kidogo unaipata. Nyuma ikifunga kwanza huna la kuachia, umechelewa.

Usiku ule nikachukua karatasi. Ekseli mpaka ekseli kwenye 240Z ni milimita 2,305, kitovu cha uzito nikakikadiria sentimita 50 kutoka chini, uzito nikauita kilo 1,000 nusu kwa nusu. Ukikanyaga breki mpaka 1 g (nguvu ya kusimamisha iko sawa na uzito wa gari), uzito unaohamia mbele ni 1,000 mara 0.5 gawa kwa 2.305, yaani karibu kilo 217. Mbele zinakuwa 717, nyuma zinabaki 283. Kwa hiyo breki nazo zinatakiwa kugawana 72 kwa 28. Nikachukua venia, kile kipimio cha milimita, nikapima pistoni, kitu ambacho ningefanya kabla ya kutoa hela. Kalipa za mbele zina pistoni nne za milimita 38, unahesabu za upande mmoja tu: mbili, milimita za mraba kama 2,268. Ile kubwa ya nyuma niliyoambiwa ninunue, pistoni moja ya 38, ni 1,134. Diski zangu zinakaribiana ukubwa, padi ni aina moja, basi ni 67 kwa 33. Jibu la kwa nini niligeuka lilikuwa pale mezani muda wote.

Nikaambiwa tena, usibadilishe kalipa, funga valvu ya kupunguza presha ya nyuma imetosha. Nimejaribu. Ile valvu inaacha presha ya mbele na nyuma ziende pamoja mpaka kiwango fulani, kuanzia hapo ya nyuma inapanda polepole, na kile kitasa unachozungusha kinasogeza hicho kiwango tu. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye mstari ulionyooka, safi kabisa. Lakini ukiingia kona ukiwa bado umegusa breki kidogo, presha ni ndogo, valvu haijaanza kazi, nyuma bado ina mgao ule ule mkubwa na mkia unacheza. Pia pistoni kubwa inameza mafuta robo nzima zaidi, pedali inakuwa ndefu. Nikauza zile kalipa, nikatafuta za pistoni ya 34. Hiyo ni 908, mgao 71 kwa 29. Valvu nikaibakiza kwa kumalizia, na valvu ya zamani ya gari nikaitoa kabisa maana mbili kwenye paipu moja zinagombana na hujui ipi inafanya nini.

Kubalansi sasa, hapa ndipo najivunia. Kwanza geji mbili za presha, moja kwenye tundu la nipo ya mbele, nyingine ya nyuma, mtu anakanyaga wewe unasoma. Mbele ikiwa bar 70 (bar ni kipimo cha presha) nyuma ilikuwa 50, na mpaka bar 40 zilikuwa zinakwenda sawa. Ukishajua hilo hubahatishi. Halafu nikapaka mistari minne ya rangi nyeupe ubavuni mwa kila tairi, tukatafuta sehemu ndefu, pana, iliyofungwa, rafiki yangu akasimama mbali pembeni na simu akirekodi mwendo wa polepole. Nakuja kilomita 80 kwa saa, nakanyaga. Unaanza na nyuma ikiwa chini kabisa, unaongeza nusu zamu, unarudia. Kwenye video mistari ikisimama tairi imefunga, huhitaji kubishana na mtu. Mara ya saba mistari ya mbele na ya nyuma ilisimama karibu pamoja, nikarudisha nusu zamu ili mbele itangulie kidogo tu.

Nikadhani nimemaliza. Seketini, kila nikishusha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, nyuma inalia *kwii*. Nilikuna kichwa siku nzima kabla sijakumbuka kwamba wakati wa kujaribu nilikuwa nimekanyaga klachi. Hii gari inasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo injini nayo ni breki ya nyuma, na ukishusha gia bila kupandisha mizunguko kwanza unaongeza breki ambayo geji haioni. Nikarudisha robo zamu nyingine, na mguu nikaufundisha upya. Ukijaribu, jaribu mara mbili, na klachi na bila klachi, na angalia tangi pia, likiisha mafuta nyuma inakuwa nyepesi.

Kitasa cha valvu kina alama mbili za rangi, nyeupe ya kukavu na bluu ya mvua. Kwenye mvua tairi haifiki 1 g, ukipata 0.6 uzito unaohamia ni kilo 130 tu, mgao mzuri ni 63 kwa 37, kwa hiyo nyuma inaweza kubeba zaidi na unaifungulia. Jumamosi mvua ilinyesha katikati ya siku, wenzangu wakaingia ndani, mimi nikazungusha mpaka bluu nikarudi barabarani. Niliposhuka kuna kijana alikuwa amesimama kando ya gari, ana 240Z yake nyumbani, akaniuliza, "Kaka, nyuma umeweka kalipa saizi gani nami ninunue?" Nikampa venia, nikamwambia akapime kwanza pistoni zake za mbele.