Targeti za pinboli zikichakaa, usianze na plastiki

Wakuu habari zenu. Kila nikiweka picha za mashine ninazotengeneza huku Chicago kuna mtu lazima aniulize, vile vibao vya plastiki vinavyopigwa na gololi vikivunjika unafanyaje, unaagiza vipya unapachika basi mambo yanaendelea? Nimeona nijibu kwa kirefu, maana hizo targeti ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hii kazi na naona watu wengi wanazitengeneza nusunusu, wanabadilisha plastiki alafu baada ya muda mfupi imevunjika palepale, wanasema ah plastiki za siku hizi feki.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, pinboli ni meza iliyoinama kidogo yenye kioo juu, chini kuna vimikono viwili tunaviita flipa, na kazi yako ni kuipiga gololi ya chuma isizame katikati. Gololi yenyewe ina upana wa milimita 27 hivi na uzito wa gramu 80. Sikia hiyo gramu 80 vizuri, ni chuma kitupu, kinarushwa na koili ya umeme (waya uliozungushwa, ukipitishwa umeme unavuta chuma kama sumaku) kwa spidi kali kwenda kugonga kiplastiki, tena usiku kucha kama mashine iko baa. Huu mji ndo nyumbani kwa hizi mashine, kampuni za Gottlieb, Bally na Williams zote zilikuwa zinatengenezea hapa, kwa hiyo mashine za zamani bado zimejaa kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu, zimefunikwa shuka, zinasubiri mtu mwenye bisibisi na uvumilivu.

Targeti ziko za aina nyingi ila zinazotusumbua mafundi ni mbili. Kuna za kusimama, yaani kibao kimepigwa ribiti kwenye bati jembamba la springi, gololi ikigonga bati linarudi nyuma linagusa bati lingine, mashine inahesabu pointi. Na kuna za kudondoka, hizi ukizipiga zinazama chini ya uwanja, yaani ule ubao gololi inapotembea, ukizimaliza zote mstari mzima koili inazinyanyua kwa kishindo. Ya kudondoka ilianza kwenye mashine ya Williams iitwayo Vagabond mwaka 1962, kazi ya mzee Steve Kordek, mtu wa hapahapa Chicago, aliishi mpaka miaka 100 akafariki 2012. Na kumbuka wakati huo New York pinboli ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1942, wanaihesabu ni kamari, mpaka 1976 ndo ikaruhusiwa tena. Mimi nikiwaza kwamba mtu alikaa akabuni kitu kizuri namna ile kwa ajili ya mchezo ambao miji mikubwa ilikuwa inaukataza, namheshimu sana yule mzee.

Tuanze na za kusimama, hazina mambo mengi. Ukiona targeti haihesabu, au inahesabu yenyewe bila kuguswa, usikimbilie kukunja bati. Kwanza kaza skrubu mbili zinazoshika yale mabati pamoja, maana zikilegea kila kitu kinahama, ukirekebisha nafasi kabla ya kukaza unajisumbua bure, ukija kukaza inahama tena. Ukishakaza ndo unaangalia nafasi kati ya vigusio, yaani zile ncha za mabati zinazogusana na kuwa swichi, mimi naacha kama milimita moja na nusu hivi. Alafu usafi. Kwenye mashine za kompyuta, yaani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 kuja huku, vigusio vya swichi vimepakwa dhahabu na umeme unaopita ni mdogo sana, hapo chukua kadi ngumu ya karatasi, ipitishe katikati, minya kidogo, vuta, basi imetosha. Tafadhali usitie tupa wala msasa, ukikwangua ile dhahabu hairudi, na swichi itakuwa inakatakata mpaka kesho. Tupa ndogo ni ya zile mashine za zamani zaidi zisizo na kompyuta, ambazo vigusio vyake vinabeba umeme mkubwa wa kuendesha koili na vinaungua juu.

Sasa kwa nini bati linapinda? Nyuma ya targeti ya kusimama kuna kipande cha sponji kimebandikwa kati ya bati na kishikio, kazi yake kupokea kile kishindo. Miaka thelathini, arobaini, ile sponji inageuka unga, ukiigusa inamwagika. Ikishaisha bati linarudi nyuma kupita kiasi, linapinda, au plastiki inakatikia kwenye ribiti. Kwa hiyo mtu anayebadilisha targeti bila kubandika sponji mpya ameiweka ile targeti mpya kwenye foleni ya kuvunjika. Sponji yenyewe bei rahisi kabisa, unakata kipande unabandika, dakika moja.

Kama plastiki imekatikia kwenye ribiti mimi nabadilisha targeti nzima na bati lake, kupiga ribiti upya kunawezekana lakini bati lenyewe lishachoka. Hapo utalehemu, kwa hiyo piga picha kabla hujafungua waya hata mmoja. Kwenye swichi kuna dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo ina upande, ukiigeuza mashine itaanza kuona swichi ambazo hazijaguswa na utatafuta ugonjwa siku nzima. Na kwenye mashine za Bally za miaka ile utakuta kuna kapasita ndogo (kidude kinachotunza umeme kwa muda mfupi) ya mikrofaradi 0.05 imelehemiwa juu ya swichi za targeti. Wengine wakiiona wanaikata tu wanasema haina kazi. Ina kazi jamani, gololi inagusa targeti muda mfupi mno kiasi kwamba kompyuta ya zamani inaweza isione, ile kapasita inaurefusha ule mguso. Ni kweli zikizeeka zinaweza kushoti na swichi ikaonekana imefungwa muda wote, basi toa mbovu weka nzima.

Twende kwenye za kudondoka sasa, huku ndo kuna utamu. Mfano wangu ni Eight Ball Deluxe ya Bally ya 1981, mashine ya mandhari ya pool aliyoibuni George Christian, ina mstari wa targeti saba upande wa kulia na ukizipiga vizuri moja baada ya nyingine hakuna raha kama hiyo. Ukinyanyua uwanja (toa gololi kwanza, na zima umeme, koili zake zinatembelea volti 43) ukaangalia kwa chini, utaona kila targeti ina ukingo mdogo mgongoni, na huo ukingo umekalia mdomo wa bati. Springi inaivuta targeti chini na mbele kwa wakati mmoja. Gololi ikiigonga inarudi nyuma kidogo, ukingo unatoka kwenye bati, springi inaivuta chini. Ukishaelewa hapo ushaelewa magonjwa yake yote.

Ukingo ukisagika ukawa wa mviringo, targeti inadondoka yenyewe jirani yake akipigwa, au inakataa kusimama koili ikinyanyua. Ukingo ukiwa mzima lakini mdomo wa bati umeota kikovu cha chuma, targeti inang'ang'ania, unaipiga katikati kabisa kwa nguvu na haidondoki, mchezaji anakasirika na ana haki. Springi ikichoka, inashuka polepole au inaishia nusu.

Na hiyo ya nusu ndo inayovunja plastiki. Watu wanapaka grisi kwenye hizi mashine, au wanapuliza mafuta, wakidhani wanasaidia. Grisi inakamata vumbi, inakuwa ulimbo, targeti haipandi mpaka juu, kichwa chake kinabaki katikati ya njia na gololi inakigonga kwenye ncha badala ya usoni, kinakatika. Hizi sehemu zinafanya kazi kavu. Safisha kwa spiriti, kausha, usipake kitu. Na ndani ya koili kuna kimrija cha nailoni ambamo chuma kinapita, badilisha hicho, ni cha bei ndogo na koili itapata nguvu ya kunyanyua mstari wote kwa pamoja.

Kuna mjadala wa kupiga tupa ule ukingo uliosagika ili uwe na kona tena. Inafanya kazi, nimeona mashine zimeenda muda kwa namna hiyo, ila kila ukipiga tupa unapunguza plastiki na targeti inakaa chini kidogo ya wenzake, kwa hiyo mimi naikubali kama dawa ya kuvukia tu mpaka mzigo wa spea ufike. Ule mdomo wa bati ndo unapaswa kupigwa tupa, taratibu, kuondoa makovu tu bila kuuviringisha.

Targeti mpya za mashine nyingi za Bally na Williams bado zinatengenezwa, kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba moja ikikatika kwa uzee badilisha mstari wote pamoja na springi. Zote zimepigwa miaka ileile, na rangi ya mpya haitafanana na ya zamani iliyofubaa, ukichanganya uwanja unaonekana kama meno yenye pengo lililozibwa. Zile nzima za zamani usitupe, weka kwenye mfuko, andika jina la mashine, funga ndani ya kabati la mashine yenyewe. Atakayekuja kuimiliki baadaye atakushukuru sana.

Kwenye Williams nyingi za miaka ya 90 kuna tofauti moja, pale targeti ya kudondoka haihesabiwi kwa swichi ya mabati, inakata mwanga wa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kwenye kibao kidogo cha saketi, kwa hiyo ikikataa kuhesabu futa vumbi kwenye vile vijicho na angalia lehemu zake kama zimepasuka kwa mtikisiko, kabla hujalaumu targeti.

Alafu kuna gololi. Hii naisema kila siku. Gololi iliyoota kutu au yenye vijidonda inakwangua kila kitu inachogusa, uwanja, mipira, na uso wa targeti na stika yake. Ukimaliza kazi yote hiyo ukarudisha gololi ya zamani unaniumiza roho kabisa. Na wale wanaoweka koili kali zaidi kwenye flipa eti mchezo uchangamke, nawaomba mrudishe iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, aliyeibuni alipima ile nguvu na zile plastiki pamoja, ukiongeza huku unavunja kule.

Ukishafunga kila kitu, fungua mlango wa sarafu, bonyeza kitufe cha majaribio, ingia kwenye jaribio la swichi, gusa targeti moja moja kwa kidole uone namba yake inakuja. Kisha piga kwa gololi ukiwa umeishika mkononi, kwa sababu kidole kinagusa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Kwenye mstari wa kudondoka dondosha moja huku umeziangalia jirani zake, alafu nyanyua zote, rudia mara nyingi. Acha watu waicheze wiki nzima, uje tena na bisibisi, skrubu za zile targeti mpya za kusimama utazikuta zimelegea kidogo, kaza, pima tena nafasi ya vigusio, funga kioo.