Lenzi Mbili Kidike

Januari 2014, kaskazi imepamba moto, nilishuka bandari ya Mkoani, Pemba, nikiwa na lenzi mbili begani, na hata moja haikuwa yangu. Mwenyewe, mpiga picha wa siku nyingi pale mjini Unguja aliyekuwa akipunguza vifaa vyake, alinambia: "Nenda nazo wiki nzima. Utakayoipenda utanilipa kidogo kidogo, nyengine unirejeshee."

Moja ilikuwa zumu ya Canon, lenzi ya kuvuta karibu na mbali, milimita 70 (upana) hadi 300 (mbali), gramu 630 tu. Ya pili, ya Canon vilevile, ilikuwa milimita 300 tupu, haivutiki, nyeupe, nzito karibu mara mbili ya mwenzake, na bei yake karibu mara tatu. Kabla sijazipokea nilizimulika zote kwa tochi, mwanga uingie upande mmoja nami nichungulie upande wa pili, kutafuta kuvu. Joto letu na unyevu wa pwani huotesha nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, na kuvu likishakula kioo hutolipangusa ukalimaliza. Zote mbili zilikuwa safi.

Moyoni nilikwishachagua zumu. Mimi kazi yangu ilikuwa harusi, na hesabu yangu ilikuwa ya mtu wa harusi: hii inafika 300 kama ile, na juu yake ina 70 na yote yaliyo katikati. Kwa nini nilipe mara tatu nipate pungufu?

Ami yangu anakaa si mbali na Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, kwenye msitu mdogo ambamo wanakijiji wanawalinda popo wao. Popo wa Pemba hapatikani kwengine kokote duniani. Ni mkubwa, akikunjua mbawa hukaribia mita moja na nusu toka ncha hadi ncha. Uso wake kama wa mbweha, manyoya ya kifua rangi ya mdalasini. Nilikuwa nikiwaona tangu utotoni juu ya mafenesi ya ami, lakini sikuwa nimempiga hata mmoja picha ya kuridhisha.

Siku ya kwanza nilikwenda na zumu. Mzee mmoja anayeangalia pale alinipokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jua hilo liweke mgongoni, usiwatazame kwa chini ya mbingu nyeupe, watakutokea weusi kama makaa."

Hakuwa na kamera, lakini ndivyo hasa. Kamera inapoona anga kali nyuma ya popo hudhani mwanga umezidi, ikaukata, na mnyama akageuka kivuli. Nilihamia upande aliouonesha, na pale ambapo anga haikwepeki nikaongeza mwanga kwa hatua moja, yaani maradufu, mara nyengine hatua moja na nusu. Walikuwa wananing'inia kwa mamia, wakijipepea kwa bawa moja kwa sababu ya joto, wakigombania matawi kwa makelele. Zumu ilinipa picha nzuri mno. Saa saba za mchana nilikuwa na hakika ya uamuzi wangu.

Kisha likachwa jua. Nilichokwenda kukitafuta hasa ni ule wakati wanapoanza kuondoka kwenda kula, na huo ni wakati wa utusiutusi. Zumu ile ikivutwa mpaka 300 tundu lake la mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na namba hii ikiwa ndogo ndipo mwanga unapoingia mwingi. Nilipandisha ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 3200, picha zikajaa chengachenga, na bado shata, pazia la kamera, haikupita 1/160 ya sekunde, polepole mno kwa popo anayeruka. Lenzi yenyewe ikawa inakwenda na kurudi ikitafuta pa kushika, na popo keshapita. Ilikuwa na kitulizi cha mtikisiko, nami nilikitegemea sana, lakini kitulizi kinatuliza mkono wangu, hakimtulizi popo. Nilirudi kwa ami na fremu zaidi ya mia mbili za ukungu. Usiku ule sikulala vizuri.

Siku ya pili nikachukua ile nyeupe. Alasiri ilinitesa. Mama mmoja, mtoto kamganda kifuani, alitoka tawi la chini akapita juu ya njia, pengine mita saba kutoka nilipokuwa. Kwenye kamera yangu ya 60D, milimita 300 kwa mita saba huona upana wa nusu mita tu, na yeye ana mita moja na nusu. Nilipata kifua, macho ya mtoto na mashina ya mbawa. Mengine yote yalibaki nje. Kwa zumu ningeshusha mpaka 70 nikampata mzima. Nilisimama pale na uchungu, na leo nikiikumbuka picha ile unarudi.

Lakini magharibi ilipokaribia nilisubiri ng'ambo ya uwazi, wao wakipita kiasi cha mita 25, masafa ambayo 300 inawakusanya mbawa mpaka mbawa na nafasi kidogo ikabaki. Ile lenzi inafunguka mpaka f/4 na inapokea mwanga maradufu ya ile zumu. Saa ileile, ISO ileile, nikapata 1/320, na ikawa inashika bila kubabaika. Nilipiga mpaka giza likaingia. Katika fremu zile, saba zilikuwa kali: jicho limeng'aa, vidole vinaonekana ndani ya ngozi ya bawa, ncha tu ndizo zilizofifia kidogo.

Milimita zilikuwa sawa kwenye lenzi zote mbili. Popo hutoka jioni, na jioni ile zumu haikuwa na mwanga wa kunipa. Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa saa yake.

Niliporudi Unguja, mwenye lenzi alinikuta mtaa wa Malindi. Aliitoa zumu kwenye mfuko, akaimulika kwa tochi ya simu, akageuza, akamulika tena.

"Na ile nyengine?"

"Imebaki begani," nikamwambia, nikampa laki mbili za mwanzo.