Kigae cha Tatu kutoka Mlangoni

Basi lilipokata kona Segera na kuiacha njia ya Moshi, nilisogea dirishani, kwa kuwa ni kuanzia hapo ndipo mtu wa Tanga huanza kuitafuta mikonge kwa macho. Nilikuwa sijafika nyumbani kwa miaka 19. Utotoni mwangu mistari ya mkonge haikuwa na mwisho. Safari hii niliona vichaka na mahindi mahali pengi, na nilihuzunika, maana kila nilichokuwa nakwenda kukitafuta mjini kiliishi kwa mshahara wa mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Baadaye zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakafungwa moja baada ya jingine, na mwisho wa mwezi, uliokuwa kama sikukuu ya mji mzima, ukapoa.

Ngamiani, mitaa ya Tanga mjini, niliizunguka kwa miguu, barabara moja hadi nyingine, kwa zile namba zake ambazo hazijabadilika. Majumba ya sinema sitayasemea sana, kwani ni mji gani ambao haukupoteza ya kwake? Kilichoniuma ni muziki. Mji huu mmoja ulikuwa na Atomic Jazz, na ulikuwa na Jamhuri Jazz, iliyoanza kwa jina la Young Nyamwezi, jina linalowakumbusha watu wa bara waliokuja pwani kukata mkonge. Upande wa taarabu walikuwapo Black Star na Lucky Star, alikoimba Shakila Saidi, waliolipa gitaa la umeme na besi nafasi kubwa hata taarabu ikachezeka. Sisi watoto tulijazana madirishani wakati wa mazoezi hadi tulipofukuzwa. Madirisha hayo sikuyaona tena.

Mwisho nilikwenda kwenye duka la kona, ambako marehemu baba alicheza bao kila baada ya Alasiri. Mashimo yote 32 yalichimbwa katika saruji ya baraza yenyewe, na moja la pembeni lilikuwa na ufa ulionasa kete, hata mchezaji akalazimika kuichokoa kwa ukucha. Nilikuta baraza imewekwa vigae vyeupe, na dukani anakaa kijana anayetuma na kupokea pesa kwa simu.

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa ng'ambo ya barabara aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza natafuta nini, kisha mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia jina la baba, aliweka kikombe chini, akavuka, akanishika mkono hadi kwenye kigae cha tatu kutoka mlangoni.

"Ni hapa, mwanangu," alisema. "Baba yako alikaa upande huu, uso kauelekeza msikitini."

Nilivua viatu, nikaketi.